Vigingi Thelathini na Viwili

Kwa miaka thelathini na sita nimeshona vivuli vya watu wa Mwanza: mahema ya harusi na ya misiba, maturubai ya malori, na yale ya kufunikia dagaa mvua inapowavizia wenye mzigo. Mwezi uliopita nilikabidhi mkasi, na wenzangu wadogo wa karakana yetu ya Mabatini wakaniomba niandike kidogo kuhusu kazi. Nadhani walitarajia niwaeleze namna ya kunoa mkasi. Haya: kateni msasa uliochakaa vipande kumi, kisha pakeni mafuta ya cherehani. Hilo limekwisha. Lakini kitu kikubwa nilichovuna katika kazi hii ni woga, na sioni kwa nini niondoke nao peke yangu.

Vyeo sitavisimulia. Karakana ilikuwa na fundi mkuu na mafundi wengine, na kwa muda mrefu mimi nilikuwa mafundi wengine. Mishahara nayo naiacha. Ilikuwa mifupi kuliko sentensi hii.

Nilifika kutoka Magu nikiwa na miaka ishirini na miwili na viatu vya kuazima. Fundi mkuu alikuwa Mzee Bwire, Mjita mrefu, mkimya, aliyekuwa akiuma nyuzi kwa meno ya pembeni kwa sababu ya mbele yalishaondoka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Una vidole vingapi?”

“Kumi.”

“Vihesabu tena. Jioni nitakuuliza, nione kama bado ni kumi.”

Ndivyo alivyonikaribisha. Kisha akanionyesha vyombo: mkasi mzito kama sufuria, sindano nene iliyopinda, donge la nta ya nyuki la kupakia uzi, na cherehani ya miguu iliyokuwa na tabia ya kupiga kelele mteja anapotaka kupunguziwa. Mwisho akanionyesha kitu ambacho karakana nyingine hazikuwa nacho. Kila kazi iliyokwisha ilikatiwa kipande cha turubai upana wa kiganja, na juu yake yakaandikwa kwa kalamu ya wino mzito mahitaji yake yote: kitambaa, pindo, kamba, pete za chuma, vigingi. Vipande hivyo vilining’inia ukutani kama ndimi. Mteja akitaka kitu kama cha mwenzake, hatukupima upya. Tulishusha ulimi, tukasoma.

Tatizo la ulimi ni kwamba unasema kitu kilivyokuwa, hausemi kitakavyokuwa kikikuzwa.

Mwezi wangu wa pili alikuja mwenye dagaa. Alikuwa na turubai letu la mita tatu kwa mbili, akataka lingine, urefu mara mbili na upana mara mbili. Mzee Bwire alikuwa msibani. Nikashusha ulimi, nikasoma, nikazidisha kila kitu kwa mbili: pindo mara mbili, kamba mara mbili, kitambaa mara mbili. Nikashona kwa furaha hadi saa kumi. Tulipolitandaza juu ya mzigo wake, nusu ya dagaa ikafunikwa, nusu ikabaki ikinitazama kwa macho yake yote.

Mzee Bwire aliporudi hakunigombeza. Alichora sakafuni kwa chaki umbo la mita sita kwa nne, akalitandika lile turubai dogo kwenye kona moja, akaniambia nilisogeze mpaka nijaze mchoro wote. Nikalitandika mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

“Mara ngapi?”

“Nne, mzee.”

“Sasa tembea ukingoni na kamba.”

Nikazunguka. Dogo lilikuwa na mzingo wa mita kumi, kubwa ishirini. Mara mbili tu.

“Pindo linatembea,” akasema, “kitambaa kinazaa. Ukikuza mara tatu?”

Nikapiga hesabu kwa vidole, ambavyo kwa bahati bado vilikuwa kumi. “Pindo mara tatu. Kitambaa... mara tisa.”

“Basi kesho usinitie aibu.”

Somo hilo nililishika, na nitakuwa mnafiki nisiposema kwamba nililishika kwa mkono wa kuchukulia. Mjini hapa kila mtu anayetaka kitu kikubwa anasema “mara mbili” na kuja na bei ya mara mbili. Mimi nilikuwa natandika vitambaa vinne vidogo juu ya sakafu, nakaa kimya, namwacha mteja ahesabu mwenyewe. Hakuna mtu anayebishana na sakafu. Kwa miaka mingi niliamini kuwa hesabu hiyo imeishia hapo, na kwamba ilikuwa upande wangu.

Mzee Bwire alistaafu, macho yake yakapungua nguvu, nami nikawa fundi mkuu. Hapo ndipo akaja Mama Nyamizi.

Mama Nyamizi alikodisha viti, masufuria na mahema, na alikuwa mtu pekee Mabatini ambaye nilikuwa najiandaa kabla ya kupatana naye, kama mtu anayekwenda kung’olewa jino. Alikuwa na hema letu la mita sita kwa nne, la vigingi kumi na sita, ambalo lilikuwa limesimama kwenye kila upepo kwa miaka minane bila kulalamika. Akataka lingine la umbo lile lile, mita kumi na mbili kwa nane.

“Mara mbili, fundi. Nami nitakulipa mara mbili, na soda juu.”

Nikatandika vitambaa vyangu vinne. Akavitazama, akavizunguka, akavihesabu kwa ncha ya kiatu. Akakubali kitambaa mara nne. Nikaona ametoa pumzi, nami kwa uroho nikaongeza hapo hapo.

“Na kamba mara nne, na vigingi mara nne. Sitini na vinne.”

“Wee Masalu!” Akacheka mpaka mpiga pasi wa jirani akachungulia. “Mimi si mgeni wa meli. Lete futi.”

Akalipima hema la zamani ukingoni mwenyewe, ameshika gauni lake kwa mkono mmoja. Mita ishirini. Akapima mchoro wa jipya. Mita arobaini.

“Vigingi vinakaa wapi? Katikati ya hema au ukingoni?”

“Ukingoni.”

“Ukingo umekuwa mara ngapi?”

“Mbili.”

“Basi thelathini na viwili. Ulitaka kuniuzia msitu.”

Alinishinda kwa futi yangu mwenyewe, mbele ya mafundi wangu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa sahihi. Kigingi kimoja kila mita moja na robo, dogo na kubwa sawasawa. Nilihesabu mara mbili, kama kawaida yangu. Mara zote mbili nilipata thelathini na viwili. Sikujua kwamba mtu anaweza kuhesabu mara mbili kitu kisichokuwa chenyewe.

Hema lilikwenda kazini kwa mara ya kwanza Jumamosi moja, Kiseke, kwenye kipaimara cha binti wa Mwalimu Magesa. Mwalimu huyo alifundisha hesabu sekondari, mtu wa Mara, mpole, mwenye sauti ya kuita mahudhurio. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyekuwa msimamizi wa binti, kwa hiyo alikuwa meza ya mbele tangu saa nne asubuhi, na kitenge kipya. Mimi nilibaki karakana kumalizia turubai la lori.

Saa nane kasoro Mzee Bwire akaja kunisalimia, kama alivyozoea Jumamosi. Akakaa kwenye kigoda chake, akapapasa ukuta hadi akafikia ulimi mpya kabisa, uliokuwa bado unanuka wino.

“Hiki ni nini? Nisomee.”

Nikamsomea. Kitambaa mita za mraba tisini na sita. Akatikisa kichwa, vizuri. Pindo mita arobaini. Vizuri. Vigingi thelathini na viwili.

Akaacha kutikisa.

“La zamani lilikuwa na kitambaa kiasi gani?”

“Ishirini na nne.”

“Kwa vigingi kumi na sita. Kila kigingi kilishikilia mita moja na nusu ya kitambaa. Sasa kinashikilia ngapi?”

Nikagawanya. Nikagawanya tena. “Tatu.”

“Masalu, upepo unasukuma nini? Unasukuma pindo?”

Nilikuwa nimeshasimama mlangoni. Juu ya ziwa, nyuma ya mawe, mbingu ilikuwa imefanya rangi ya sufuria iliyoungua, na mabati ya paa la jirani yakaanza kugonga, moja, moja, kama mtu anayepiga hodi bila haraka. Hema lile la zamani halikuwa imara kwa sababu ya ushonaji wangu. Lilikuwa imara kwa sababu lilikuwa dogo. Na mara pekee katika maisha yangu ambapo uroho wangu ulikuwa na hesabu sahihi, vile vigingi sitini na vinne, nilikubali kupunguza.

Nilimpigia mke wangu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Muziki, bila shaka. Nikachukua bodaboda.

Sitaandika nilivyoogopa njiani, kwa sababu nilikuwa nahesabu, na hesabu ndiyo ilikuwa woga wenyewe. Nguzo za pembeni nane, za katikati mbili, mabomba ya chuma. Watu mia na arobaini, kwa hesabu ya Mama Kulwa. Kila vumbi lilipoinuka barabarani nilijiambia bado, bado.

Uwanja wa Mwalimu Magesa ulikuwa na ukuta wa matofali pande zote na geti moja, na kwenye geti hilo lori la viti la Mama Nyamizi lilikuwa limeegeshwa vizuri kabisa, likaacha nafasi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Hema lilikuwa zuri. Nasema kweli, lilikuwa zuri, limejaa upepo kama shavu la mpiga tarumbeta. Watu walikuwa wanacheka chini yake, na keki ilikuwa bado haijakatwa.

Mama Nyamizi aliniona akaja na tabasamu. “Fundi! Njoo uone kazi yako.”

“Mama, watoe watu.”

“Nini?”

“Watoe wote. Vigingi havitoshi.”

Tabasamu likabaki mdomoni, macho yakaondoka. “Unaniharibia jina mbele ya wateja, Masalu? Vigingi tulivihesabu wote wawili.”

Nikamshika mkono nikampeleka upande wa ziwani, nikamwonyesha cha kona. Ardhi ilikuwa imepasuka kukizunguka, na kigingi kilikuwa kimepanda vidole viwili. Tukiwa tunakitazama, upepo ukavuta pumzi, kikapanda cha tatu.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Mama Nyamizi hana bei ya kutaja.

“Wakisikia hatari watakanyagana getini,” akanong’ona.

“Najua.”

Nikaenda kwa mshereheshaji, nikamnyang’anya kipaza sauti, nikajitahidi sauti yangu isiwe yangu. “Ndugu wageni, chakula kinagawiwa nyumba ya ng’ambo ya barabara. Wazee na wenye watoto watangulie. Nyama ni ya kutosha.” Ng’ambo kulikuwa na nyumba mpya, imeezekwa lakini haina milango. Watu wakainuka mara moja, kwa mstari, kwa heshima. Katika mji huu hakuna tangazo la kuhama linalotiiwa kama hilo.

Nilimvuta Mwalimu Magesa, nikamwambia ukweli kwa maneno kumi. Akaenda kusimama getini akaanza kuwahesabu wanaotoka, kwa ile sauti yake ya mahudhurio, “Thelathini na moja, thelathini na mbili, mama taratibu, thelathini na tatu.” Dereva wa lori alikuwa hapatikani.

Geti lilikuwa jembamba na upepo haukuwa na subira. Upande wa ziwani kulikuwa na kamba kumi. Nikaita wanaume wenye nguvu, wawili kila kamba, wakazishika juu ya vigingi na kukaa chini kwa uzito wao wote, suti zao kwenye vumbi. Mama Nyamizi alivua viatu akashika ya kumi kabla sijamwita. Kwenye kamba ya kona, iliyokuwa inavutwa kuliko zote, nilimkuta mke wangu.

“Mama Kulwa, toka nje.”

“Mimi ni kilo tisini,” akasema bila kunitazama. “Kigingi chako kina kilo ngapi?”

“Moja na nusu.”

“Basi niache nifanye kazi yake.”

Nikashika nyuma yake. Kamba ilikuwa hai. Kila upepo ulipokuja ilituinua makalio kutoka chini, ikaturudisha, na kila mara nilisikia kigingi kikiguna ndani ya ardhi. “Themanini na nane, themanini na tisa,” Mwalimu alikuwa anasema kule, na bibi mmoja alisimama getini kuuliza kama sahani zipo. Nilitamani kulia. “Zipo, bibi! Zipo nyingi!” nikapiga kelele. Kigingi cha pili kikatoka, kikaruka kikapiga ukuta. Kamba ya jirani ikabaki mikononi mwa watu wawili tu.

“Mia na kumi na sita!” Hao ndio waliokuwa wametoka. Kwenye kamba, bila mimi, walikuwa ishirini, na Mwalimu getini alikuwa wa ishirini na moja. Nikajumlisha, nikajumlisha tena. “Bado watatu!” Mwalimu akakimbia ndani, akamkuta binti yake anajaribu kubeba keki na watoto wawili wanamsaidia kwa kuila. Akawasukuma nje wote. “Hakuna mtu chini! Hakuna!”

“Achieni!” nikaita. “Wote kwa pamoja, achieni mkimbilie ukutani!”

Wakaachia. Hema likainuka kama kitu kilichokuwa kinangoja ruhusa tangu asubuhi. Na mke wangu akainuka nalo.

Alikuwa ameizungusha kamba kwenye kiganja, mara mbili, ili isimponyoke. Sikumfundisha. Miaka ishirini na minne tunakula pamoja, na sikuwahi kumwambia kitu ambacho kila fundi anaambiwa siku ya kwanza: kamba haizungushwi mkononi. Ilimburuta. Nikamkumbatia kiunoni, tukaburutwa wawili. Hakupiga kelele, ndiyo maana najua alivyoumia. Nikamwona Mama Nyamizi anakuja mbio miguu mitupu na kisu cha keki, kile chenye utepe mwekundu na makali ya kijiko, akaangukia kamba akaanza kukereza. Nilikuwa nimenunua kamba ile mwenyewe. Nilichagua ya nailoni nene, isiyokatika, nikamsifia mteja ubora wake. Akakereza, akatukana, akakereza. Kidole cha mke wangu kimoja nilikiona kimegeuka upande usio wake.

Ikakatika.

Hema likapita juu ya ukuta na kwenda kujifunga kwenye nguzo ya umeme. Nguzo za chuma zikaanguka moja baada ya nyingine juu ya viti vitupu. Ya katikati ilianguka juu ya meza ya mbele, mahali ambapo keki ilikuwa, ikaigawa mbao yake sawasawa. Kisha mvua.

Ndani ya ile nyumba isiyo na milango sisi wa kamba tulikuwa tumelowa, wengine wanasali, wengine wanauliza nyama iko wapi. Nikakaa sakafuni, mkono wa mke wangu umefungwa kwenye kitenge chake kipya mapajani kwangu, wakati kijana mmoja akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Sikuweza kungoja kuulizwa. Nikasimama.

“Hema ni langu,” nikasema. “Kitambaa nilikikuza mara nne, vigingi nikavikuza mara mbili, kila kimoja kikapewa mzigo wa viwili. Kosa ni langu.”

“Alitaka kuviweka sitini na vinne,” Mama Nyamizi akasema, bado ameshika kisu. “Mimi ndiye niliyempunguza.”

Nilimtazama Mwalimu Magesa, kwa sababu sherehe ilikuwa yake na binti alikuwa wake, nikangoja anachostahili kusema. Aliketi kwenye tofali, akavua miwani iliyolowa.

“Mzingo mara mbili, eneo mara nne,” akasema polepole. “Nimeiandika ubaoni kila mwaka. Mwanafunzi asiyeijua namrudisha nyuma ya darasa. Leo nimekaa chini yake tangu saa nne, nikisifia kivuli.”

Vijana wangu, ulimi wa hema lile niliuchana jioni ya Jumatatu. Sasa kila ulimi ukutani una mstari wa ziada, nao mliukuta hapo bila kuuliza: mita ngapi za kitambaa kwa kigingi kimoja. Mkikuza hema mara tatu, ukingo unakuwa mara tatu, kitambaa mara tisa, na kila kigingi kinabeba mara tatu ya ndugu yake mdogo. Ongezeni vigingi, virefusheni, vizamisheni kwa mshazari. Mteja akiwashinda kwa futi, mwacheni aende na futi yake. Na ambieni wake zenu na waume zenu kuhusu kamba.

Vidole viwili vya Mama Kulwa havikunjiki tena. Gauni lake la kanisani lina vifungo mgongoni, na Jumapili asubuhi ninavifunga mimi, dirishani penye mwanga. Upepo ukianza kutoka ziwani mikono yangu hutetemeka, kifungo kinakosa tundu, kinakosa tena. Yeye hatetemeki. Anasimama tu, amenipa mgongo, anangoja nimalize.